Wino Kifuani mwa Mama

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata Isaka, ambayo na hapa Kahama ni pua na mdomo, naenda kwa kulazimishwa. Kwa hiyo daktari aliposema mama, baada ya kupasuliwa titi, apelekwe Mwanza kwenye mashine ya mionzi, nilijua ndugu zangu watanitazama mimi. Wakanitazama. Hoja yao ni kwamba nilisoma fizikia hadi kidato cha nne. Matokeo hawakuuliza, nami sikuona haja ya kuyaleta.

Mama alitaka kujua hiyo mashine inafanya nini. Nikaanzia kwenye televisheni yetu ya zamani, ile yenye kisogo. Mle nyuma, nikamwambia, kulikuwa na chembe ndogo kuliko vumbi, umeme unazikimbiza zinagonga kioo, ndipo unaona picha. Wazungu hawakuridhika, wakataka zikimbie zaidi. Mashine yao ya kwanza ya kuzizungusha ilienea kiganjani. Leo wana moja iliyofukiwa ardhini kama pete, inapita chini ya nchi mbili, wanazigonganisha waone ndani zina nini. Jamaa zake wadogo ndio wakaletwa hospitali kuchoma mabaki ya ugonjwa.

Mdogo wangu, mchimbaji wa Mwakitolyo, alikuwa anasikiliza huku anakula. Akasema kumbe ni karasha tu, kama lile la kusagia mawe ya dhahabu. Nikakubali, ni karasha.

"Wamechimba nchi mbili, wamesaga, na dhahabu hawana?" Akacheka mpaka ugali ukampalia.

Mwanza walimpima mama, wakamchora kifuani misalaba midogo ya wino ili mashine ipige palepale kila siku, kisha wakaturudisha nyumbani tusubiri wapange matibabu. Onyo lilikuwa moja: wino usifutike. Nikamweleza mama kwa Kisukuma, nikarudia kwa Kiswahili, nikajiona nimemaliza kazi.

Sikumhesabu mama mdogo. Alikuja kutoka Ushetu kumpa dada yake pole, akamkuta anabadili nguo. Mama mdogo ni mlokole wa kufunga na kukesha. Alipoona zile alama akajua papo hapo: huyu kijana amempeleka mama yake kwa mganga, amechorewa pa kuchanjwa chale. Na jioni ile wanamaombi walikuwa wanakuja kumwombea mama. Hakuniuliza. Akachemsha maji, akachukua dodoki na sabuni ya mche, na mama, ambaye mbele ya mdogo wake hana kauli, akakaa kwenye kigoda akasuguliwa. Nilitoka dukani nikamkuta anang'aa kama sufuria ya harusi.

Nilikaa chini. Nikawaambia ule wino ulikuwa wa hospitali, sasa mashine haitajua pa kupiga. Ikikosea itachoma pafu lisilo na kosa, na ugonjwa ubaki umestarehe.

"Mashine inayopenya mwili mzima," mama akasema, "itashindwaje kuniona mimi, na unene huu?"

"Haina macho, mama."

"Basi hao wazungu wako wamechimba bure."

Mama mdogo hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama amemuua dada yake. Nikasema hapana, ila atachorwa upya na matibabu yatachelewa. Kama ugonjwa nao utasubiri, hilo sikulijua. Wanamaombi walipofika aliwaambia mwenyewe alichofanya, akaomba waombee hilo.

Tukarudi Mwanza watatu. Wataalamu wa mionzi wakanigombeza mimi, kwa kuwa ndimi niliyeonekana kuelewa. Mama akapimwa tena, akachorwa tena. Safari hii mama mdogo alikataa kurudi Ushetu, na kumwogesha dada yake ikawa kazi yake: kitambaa chenye unyevu, shingo, mgongo, basi. Hata mimi nikikohoa karibu na ule wino ananitazama vibaya.

Siku ya kuanza, mlango mzito ulifungwa, mama akabaki ndani peke yake. Mama mdogo akauliza mbona wote wametoka. Nikamwambia mionzi si ya kuchezea, anakaa mgonjwa tu.

"Na wewe unayeielewa umekaa nje?"

Mlango ukafunguliwa. Mama akatoka anafunga vifungo, amekunja uso. Hakusikia kitu, alisema, si moto si baridi. Tuwaulize kama kweli waliiwasha. Mama mdogo alivuta kidogo shingo ya gauni la dada yake, akachungulia, akaona misalaba ipo, akaifunika kwa kanga.