Bao la Darasa la Sita

Miaka ile ya vita nilifundisha darasa la sita katika mtaa wa Buyenzi, na wanafunzi wangu waliiogopa hesabu kuliko risasi za milimani. Risasi walishazizoea. Mmoja, binti wa fundi magari, nikimwita ubaoni machozi yalimtoka kabla ya neno.

Basi nikachimba mashimo ya bao uani, nikaacha kukariri kanuni. Niliwapa kete kumi na saba na kuwauliza: ukianzia shimo hili, ukigawa moja moja, utaishia wapi, na utakula za mwenzako? Wakabishana, wakakosea, wakajigundulia wenyewe. Binti yule akawa hashikiki. Alinifunga hata mimi, na mimi sipendi kufungwa.

Sheria moja niliishikilia kwa ukali, kama wachezaji wakubwa wa mtaani: mkono ukigusa kete umecheza, hakuna kurudisha. Nilitaka wafikiri kwanza. Aliyerudisha nilimzomea, na darasa zima likaitikia. Nilijiona fundi kweli.

Ukaja mtihani wa taifa wa kuingia sekondari. Binti akaanguka, tena kwa hesabu. Nikaenda kwao nimekasirika, nikamkuta kwenye gereji ya baba yake, nikamuuliza kugawanya kulimshindaje.

"Haikunishinda, mwalimu. Niliandika, kisha nikaona nimekosea. Na ingine vile vile. Lakini nilikuwa nimeshagusa."

Hakukata hata jibu moja. Sikuwahi kumwambia kwamba kwenye karatasi mtu anaruhusiwa kukata na kuandika upya. Nilidhani hilo halihitaji kusemwa.

Baba yake akatoka chini ya gari, akifuta mikono. "Mwalimu, uniambie wazi. Mutoto huyu ana akili ya hesabu ao apana? Kama anayo, arudilie mwaka. Kama apana, abaki na mama yake. Barabara unaziona na hii vita."

Jibu nililijua. Lakini kulisema kulikuwa kukiri kosa langu, na mkuu wa shule alishaninung'unikia kwa kuwachezesha watoto. Nikaogopa. Najuta mpaka leo.

"Mungu ndiye anayejua," nikasema.

Alikuwa mtu wa heshima, alidhani namsitiri kwa kutotamka "apana". Akanishukuru, akamwambia bintiye aende ndani kwa mama yake. Binti hakwenda upesi. Alinitazama, akingoja niseme. Mwaka ulipoanza hakurudi, na mimi sikwenda kuuliza.