Mwenyekiti wetu alisema kulea watoto hakuhitaji bajeti, akaachiwa kituo asubuhi moja

Wakuu, poleni na majukumu. Hiki kisa nimekishuhudia kwa macho yangu huku Mbalizi, na kama kuna mwana Mbeya humu aliyekuwepo, ruksa kunisahihisha.

Kwanza mnijue. Nauza spea za pikipiki. Wife anapeleka mchele Chunya kwa wachimbaji, akiondoka anakaa huko siku kadhaa. Akiwa safari mimi ndiye nampeleka binti yetu Atu, miaka mitatu, kwenye kituo cha kulelea watoto karibu na soko.

Msifikirie ile day care yenye Mickey Mouse ukutani. Ni chumba kimoja cha kijiji, kilikuwa stoo. Akina mama wa sokoni walikiomba, wakakisafisha, wakamweka Bi Zuhura awe mlezi. Huyu mama ni wa hapa hapa Mbalizi, wazee wake walitokea pwani, mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Wanachanga wenyewe kumlipa.

Sasa akatokea wakala wa mbolea anakitaka kile chumba. Tukaitwa mkutanoni.

Akina mama wakaomba kinyume chake: chumba kibaki, halafu halmashauri iweke hela ya choo cha watoto na mlezi wa pili.

Mwenyekiti wetu, nitamwita Mzee Mwasi, akasimama na suti yake. Akasema maendeleo ni vitu vinavyoonekana, barabara, stendi, soko. "Mtoto wa miaka mitatu anahitaji nini zaidi ya uji? Kukaa na watoto si kazi ya kuombea bajeti. Hata mimi naweza."

Bi Zuhura akanyoosha mkono taratibu.

"Mwenyekiti, basi Alhamisi asubuhi karibu ukae nao. Mimi nitakuwa hapo nje, sitaingia usiponiita."

Watu wakapiga makofi. Mzee akacheka, akakubali, angefanyaje mbele ya wapiga kura?

Halafu Bi Zuhura akaongeza, "Na Baba Atu atakusaidia, maana ndiye baba pekee anayemleta mtoto mwenyewe."

Wakuu, mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa nachat.

Alhamisi ikafika. Baridi ya Mbeya mnaijua, watoto wamevalishwa masweta mpaka mikono haikunjiki. Wako kama thelathini hivi. Mzee kaja na suti ileile na viatu vinang'aa.

Akasimama katikati akasema, "Naomba utulivu."

Watoto wote kwa pamoja, "Naomba utulivu."

"Nyamazeni."

"Nyamazeni."

Akanigeukia, akawageukia tena. "Mimi ni mwenyekiti."

Chumba kizima, mpaka vile vya miaka miwili visivyojua kuongea vizuri, "Mimi ni mwenyekitiii." Walidhani somo limeanza. Nje nikasikia akina mama wanakohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Kuna katoto kakamvuta suruali. "Babu, kojo."

Mzee akaniuliza, "Kojo ndiye yupi?"

Nikafungua mdomo nimweleze, nimechelewa. Jibu lilishaingia kwenye kiatu.

Tukaja kwenye uji. Mzee akagawa vikombe kwa mtindo wa foleni, wa mwisho wakaanza kulia, wa kwanza wakalia kwa sababu wa mwisho wanalia. Kamoja kakamng'ata mwenzake. Mzee akaanza kuhoji nani ameanza, kabisa kama baraza la usuluhishi. Mashahidi wote wakasema "mimi".

Mimi nacheka huku nafuta pua za watu. Kufika hapo shati langu lilikuwa halitamaniki.

Sasa hapa ndipo kicheko kilipokata.

Nikaangalia huku na huku, Atu simwoni. Mlangoni hajapita, Bi Zuhura kakaa pale pale. Nikaita, kimya.

Aliyemwona ni Mzee. Yule wakala alikuwa ameshatanguliza mifuko yake kwenye kona, kabla hata mkutano haujaamua, na mfuko mmoja ulikuwa umechanika. Atu amechuchumaa nyuma yake, kiganja kimejaa mbolea ya kukuzia. Nyeupe, punje punje, ukiiangalia haraka unasema sukari. Mkono unapanda mdomoni.

Sijawahi kuona mzee anakimbia vile. Aliruka vikombe, akaushika ule mkono, akaukung'uta, akamkagua mdomo kwa kidole. Hakuwa amemeza. Ndipo akaita, "Bi Zuhura, njoo."

Bi Zuhura akaingia, akamsafisha Atu mikono na mdomo, akamkagua tena. Akawaimbisha watoto kitu fulani, wote wakakaa chini. Mzee akabaki amembeba binti yangu, mtoto analia mpaka akalala begani kwake. Nikataka kumchukua, akanikatalia kwa kichwa.

Muda huohuo diwani na afisa ustawi wa jamii wakafika kukagua chumba.

Diwani akasalimia kwa sauti ya jukwaani. Mzee akaweka kidole mdomoni. "Shhh. Amelala."

Basi wakuu, nikashuhudia kikao cha serikali kikiendeshwa kwa kunong'ona. Diwani ananong'ona kuuliza msimamo wa mwenyekiti kuhusu stoo. Mzee, suruali mbichi, kamasi kwenye kola, ananong'ona:

"Mheshimiwa, hii mifuko itoke leo. Chumba ni cha watoto. Na lile ombi la mlezi wa pili, andikeni ni langu."

Afisa akanong'ona, "Choo je?"

Mzee akaangalia kiatu chake. "Choo kwanza."

Matokeo sasa, nisiwadanganye. Mifuko ilitoka siku ileile. Choo kimejengwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri, kidogo, size yao. Mlezi wa pili bado tunaambiwa bajeti ijayo, na Mzee anawasumbua halmashauri mpaka wamemchoka. Wife aliporudi nikamsimulia, akamshika Atu muda mrefu, halafu akaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa nafuta pua za watu.

Nilichojifunza: hela ya watoto wadogo ni rahisi kuikata kwa sababu wao hawaandamani na hawapigi kura. Anayepanga hiyo bajeti apewe kwanza asubuhi moja nao, mlango ufungwe.

Huko kwenu wanaofanya biashara wanaacha wapi watoto? Iringa nasikia kuna mitaa imepiga hatua, wenyeji mtupe maujanja. Na wenye matusi kuhusu mimi kuchat mkutanoni, karibuni pia. Ndaga fijo, yaani asanteni sana, kwa kusoma.