Soli ya Miaka Kumi

Fundi viatu hakujua kusoma, lakini mguu wa mtu aliusoma vizuri kuliko mwalimu na daftari. Mpe kiatu chako kikuukuu, atakuambia unaegemea upande gani, unaburuta mguu upi, na kama una haraka za bure. Ndiyo maana baadaye kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba miguu ya mkewe ilimwambia kila kitu, na yeye akapima tu.

Mkewe alirudi kutoka hospitali na karatasi moja. Binti yao mkubwa ndiye aliyeisoma, kasimama mlangoni, macho hayabanduki kwenye ile karatasi.

"Wanasemaje?" Fundi aliuliza.

"Vidonda vya tumbo, baba. Anywe dawa, apumzike. Atapona polepole."

"Karatasi nzima hiyo, maneno hayo tu?"

"Madaktari wana maneno mengi, baba."

Fundi akaridhika. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akarudi kibandani kwake, hatua kumi kutoka mlango wa nyumba, kugonga soli za watu.

Haukupita muda viatu vya mkewe vikaanza kumbana. Fundi akafanya kama alivyofanya kila alipomshonea: akatandika karatasi sakafuni, mkewe akakanyaga, akauzungushia mguu penseli. Karatasi zote hizo alikuwa nazo, tangu ya mwaka wa harusi, zimechomekwa kwenye msumari mmoja kibandani. Ya safari hii ilizipita nyingine zote kwa upana wa kidole. Baada ya wiki mbili akapima tena, mguu umeongezeka tena.

"Unanenepa miguu tu," akamtania. "Mwili wenyewe unakwenda wapi?"

"Unahamia chini," mkewe akasema. "Huko juu kodi imepanda."

Wakacheka wote wawili.

Fundi akaamua kumshonea viatu vya kweli: vya wazi, mkanda mpana, soli ya tairi la lori, mshono mara mbili. Binti akapita kibandani, akasimama.

"Baba, soli nene hivyo ya nini?"

"Soli hii haiishi miaka kumi. Atazeeka nayo."

Binti akageuka upesi, akajifuta macho kwa kiganja.

"Una nini?"

"Moshi."

Fundi akatazama huku na huku. Jiko lilikuwa halijawashwa tangu asubuhi.

Kesho yake akaichukua ile karatasi, akaenda hospitali, akapanga foleni, akamfikia muuguzi wa dirishani, mama wa makamo mwenye miwani.

"Nisomee, mwanangu. Yote. Usiruke."

Muuguzi akasoma kimya, kisha akainua macho. "Mgonjwa ni nani wako, mzee?"

"Mke wangu."

"Nyumbani hawakukuambia?"

"Wangeniambia ningekuja kusimama hapa na mgongo huu?"

Muuguzi akatoka, akamkalisha kwenye benchi, akamwambia. Saratani imesambaa, haitibiki tena. Arudi nyumbani, apunguziwe maumivu, na jamaa wajiandae.

"Imeandikwa lini?"

"Ina miezi mitatu, mzee."

Miezi mitatu! Njia nzima Fundi alikuwa anaitafuna miezi hiyo. Alikuwa ameongea na mkewe habari za paka wa jirani, za mvua, za bawaba inayolia. Na kumbe alikuwa na neno moja kifuani, la miaka ishirini na sita. Mama mkwe alipokuwa mahututi, salamu zililetwa kwamba binti yake, yaani mkewe Fundi, awahi. Fundi alikuwa na viatu vya shule vya kukabidhi, na mkewe ndiye aliyemsaidia kupaka gundi. "Subiri siku mbili tumalize," alimwambia. Wakamaliza. Mkewe akafika, akakuta kaburi limeshafukiwa. Hakulitaja tena, na Fundi naye akalimeza. Mkewe alipougua, Fundi alijiambia atalisema akishapona, kwa kuwa si neno la kumbebesha mgonjwa.

Akamkuta binti uani.

"Umenisomea uongo kwa sababu sijui herufi. Mimi ni baba yako au mteja?"

"Ni mama, baba. Aliniapisha."

Fundi hakuingia ndani. Alikwenda kibandani, akashika koleo, akaing'oa ile soli, uzi mmoja mmoja, akabandika kipande cha ngozi laini, chembamba kama sikio. Ndipo akampelekea mkewe.

Mkewe akakipima kiatu mkononi.

"Chepesi. Soli yako ya miaka kumi iko wapi?"

"Nimeitoa."

Akamtazama sana. "Umejua."

"Nimejua. Wa mwisho nyumba nzima, kama mpangaji."

"Ningekuambia ungefunga kibanda, ukae hapa unanikodolea macho. Mimi nilitaka kusikia nyundo yako."

"Na mimi nilikuwa na neno langu."

"Lipi?"

"La mama yako. Zile siku mbili. Nisamehe."

Mkewe akakigeuza kiatu, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Hilo sijakusamehe," akasema. "Nimejaribu. Halitoki."

"Ningekuwa na hii miezi mitatu ya kukuomba..."

"Ulikuwa na miaka ishirini na sita, Fundi."

Hasira zote alizokuja nazo, akakosa pa kuzitua.

"Haya, nivalishe," mkewe akasema. Viatu vikamkaa sawasawa. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi.

Aliishi siku tisa. Wageni walikuja na "utapona tu, shemeji", mpaka Fundi akamjia juu mmoja: "Haponi! Kama huna lingine, msogezee maji." Mkewe alicheka hadi akakohoa. Na kila asubuhi, kabla ya kwenda kugonga nyundo, Fundi alimwomba tena. Kila asubuhi akajibiwa, "Bado."

Asubuhi ya nane mkewe alisema, "Limelegea kidogo, kama jino."

Ya tisa hakuamka.

Mwezi uliopita kifua kilimbana Fundi. Akaenda hospitali peke yake, akarudi, akamwekea binti karatasi mapajani.

"Soma."

"Mafua yameshuka kifuani. Dawa siku saba."

"Rudia. Usiruke mstari."

Binti akarudia, kidole mstari kwa mstari. "Ni hayo tu, baba. Haki ya Mungu."

"Najua. Yule muuguzi alishanisomea."

"Sasa mimi unanisomesha ya nini?"

"Nakupima," Fundi akasema. Akaichukua karatasi, akaenda nayo kibandani, akaichomeka kwenye msumari, juu ya ile ya mwisho ya mguu wa mkewe.