Picha ya Vifungo Vitatu

Nilipohamishiwa Kilosa nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, si mbali na reli. Mimi ni muuguzi mkunga. Kwetu ni Makete, kwenye baridi, na mwezi wangu wa kwanza Kilosa niliumaliza nikilalamikia joto kimoyomoyo, maana sikuwa na wa kumlalamikia. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikafunga mlango. Jumapili ndiyo ilikuwa ngumu kuliko siku zote. Tukitoka kanisani watu walishikana mikono, wakaulizana habari za nyumbani, kisha kila mmoja akashika njia kwenda kula na wake. Mimi nilichemsha chai nikainywa nimesimama.

Bibi mwenye nyumba alikuwa haoni. Presha ya macho ilimla taratibu, na nilipofika alikuwa amebakiwa na mwanga tu; alijua dirisha liko upande gani, basi. Hata hivyo alipika mwenyewe, na kwa mlio wa kandambili alijua ni mpangaji yupi anapita uani.

Jumapili moja, baada ya sala ya adhuhuri, alinisikia nikianua nguo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nesi, una kazi sasa hivi?"

"Sina, bibi."

"Basi njoo uniangalizie picha."

Nilidhani mwanawe kamtumia picha kwenye simu. Nikaingia sebuleni, nikamkuta ameketi mbele ya televisheni, na deki ya CD imefunikwa kitambaa cha kufuma. Miguuni pake palikuwa na boksi limejaa vifuko vya kitambaa, na ndani ya kila kifuko mlikuwa na CD. Kila kifuko alikishonea vifungo vya shati ili akitambue kwa vidole.

Marehemu mumewe alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya mkonge, Rudewa. Siku hizo, aliniambia, Jumamosi moja moja lilikuja gari la sinema, wenyewe wakatundika shuka jeupe ukutani na watu wakaketi chini kutazama picha za Kihindi. Hapo ndipo alipomfahamu huyo fundi. Miaka mingi baadaye, CD zilipoingia, mzee yule alikuwa akienda Morogoro kuzisaka picha zile zile walizozitazama ujanani, moja baada ya nyingine.

"Alikufa, macho nayo yakafuata," alisema. "Weka ya vifungo viwili."

Mimi nilikulia kwenye vibanda vya video. Picha nilizozijua ni za risasi, steringi, yule shujaa, hafi, na juu yake kuna mtu anatafsiri kwa kupiga kelele hadi unasahau kusikiliza. Hii ilipoanza nikasema, "Bibi, televisheni yako imepoteza rangi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Rangi haikuwamo tangu mwanzo. Kaa."

Chini yalipita maandishi ya Kiingereza, nami nikaanza kumsomea. Akanizuia kwa kiganja. "Usinisomee. Mimi na marehemu hatukujua Kihindi wala hicho Kiingereza, na tulielewa. Niambie wanafanya nini."

"Kuna mwanamke amekaa."

"Amekaaje?"

"Kwenye kiti, bibi."

"Sikuulizi kiti. Mikono kaiweka wapi?"

Nikatazama vizuri. "Anazungusha bangili. Anaizungusha tu, hamwangalii mwanamume."

"Haya. Sasa hivi atalia."

Na kweli akalia. Sikuwa nimeona dalili yoyote, na kumbe yote yalikuwa pale mbele yangu.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kutazama picha, kwa kuulizwa na mtu asiyeona. Nilizoea kungoja kitu kilipuke. Humu hakuna kilicholipuka. Walimwacha mtu anyamaze muda mrefu, kamera imetulia usoni pake, nami mwanzoni nilidhani CD imekwama. Baadaye nikaanza kuusubiri ukimya huo. Mvua ya mle ilikuwa nyeupe kama uzi. Kulikuwa na moja ya fundi cherehani anayemshonea nguo ya harusi msichana anayempenda, naye anaolewa na mwingine; fundi akakata uzi kwa meno, akaganda, midomo bado iko kwenye kitambaa. Niliimaliza ile nikaenda chumbani kwangu nikakaa kitandani hadi giza likaingia, bila kuwasha taa.

Jumapili ikawa siku ninayoingoja. Nilinunua karanga, nikabadilishana zamu na wenzangu, na alasiri ilipoadhiniwa tulisimamisha picha nikamletea maji ya udhu. Nilirudi kuwa mpweke Jumatatu, kama kawaida, lakini upweke wenye kitu cha kukumbuka si sawa na ule mtupu.

Ya vifungo vitatu aliiomba wakati wa masika. Kijana ameacha mama kijijini akaenda mjini kutafuta kazi. Mama anaugua. Barua inamfikia kijana, anapanda treni, na treni inasimama kila mahali. Huku mama kalala, uso kauelekeza mlangoni.

Nilimweleza bibi yote hayo, lakini sauti yangu ilianza kupungua. Mama yangu alifariki nikiwa kazini Ifakara. Simu ililia nikiwa na mzazi ambaye mtoto wake alikuwa ametanguliza miguu, na tulikuwa wawili tu zamu ile. Niliondoka kesho yake. Mikumi, Iringa, Makambako, Njombe, kila kituo nikigombania basi. Nilipofika nyumbani watu walikuwa wananawa udongo mikononi.

Kwenye picha, kijana alikuwa anakimbia kwenye njia ya mashamba.

"Amefika?" bibi akauliza.

"Amefika."

"Ameingia?"

"Ameingia. Mama kafumbua macho. Anamshika uso."

Lakini kwenye televisheni walikuwa wameshamfunika mama shuka, na majirani wanampisha kijana mlangoni. Wanawake wakaanza kuomboleza, na kilio kile kilijaa sebule nzima.

"Wanalia kwa furaha," nikaongeza.

Picha ikaisha. Nikasikia jirani anatwanga.

"Nesi," alisema hatimaye, "hii picha mimi na marehemu tumeiona hata sijui mara ngapi."

"Ndiyo, bibi."

"Yule mama anakufa kabla mwanawe hajagusa mlango."

Nikashika kile kifuko, nikahesabu vifungo vyake.

"Wewe ulichelewa wapi?"

Nikamwambia. Sikuwahi kumwambia mtu kwa mpangilio, tangu simu hadi ule udongo. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, na hakunipa pole. Aliuliza jambo moja tu.

"Nani alimfumba macho?"

"Dada yangu."

"Basi hakufia mikononi mwa wageni. Na yule mtoto uliyemtoa?"

"Alilia, bibi. Mzima."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono kuelekea sauti ya deki. "Rudisha nyuma. Uniambie kama ilivyo."

Nikarudisha. Nikamweleza shuka, majirani, viatu vya kijana alivyovivulia nje kwa heshima hata katika haraka ile. Nilieleza huku nalia, na yeye hakuniharakisha. Tulipomaliza alinituma nikapashe chai, tukainywa pamoja, wote tumekaa.

Mwaka uliofuata mwanawe alikuja kumchukua akaishi naye Dodoma, akawe karibu na hospitali ya macho. Bibi alilichukua boksi lake. Sikumlaumu, ilikuwa ndoa yake yote mle ndani. Miezi michache baadaye nami nikahamishiwa Mikumi.

Mwanzoni tulipigiana simu kila Jumapili. Alilalamika kwamba kwa mwanawe televisheni haizimwi, lakini hakuna mwenye subira na picha za zamani. "Wananiambia zinasinzisha." Kisha masikio nayo yakaanza kumsaliti. Ikabidi nipige kelele, na huwezi kupiga kelele ukimweleza mtu uso wa mwanamke anayenyamaza. Simu zikafupika, zikabaki salamu.

Hapa Mikumi malori ya kwenda Iringa yanapita mchana kutwa hadi kikombe kinatetemeka mezani. Nikiwa sina zamu natafuta picha za zamani kwenye simu, si za Kihindi tu, hata za nchi ambazo sijui zinaongea lugha gani. Mwenzangu wa kazini aliwahi kuchungulia akauliza, "Hii ina ngumi?" Nikasema haina. Akaenda zake.

Wiki iliyopita nilipata moja ya ndugu wawili waliokosana kwa ajili ya nyumba. Wanakutana kuuza vitu vya marehemu wazazi wao, na kuna kabati ambalo mmoja hawezi kulibeba peke yake. Wanalibeba pamoja, ngazi hadi ngazi, bila kusemezana. Niliisimamisha nikampigia bibi. Mjukuu wake akapokea, akasema amelala, atamwambia.

Nikasubiri kidogo. Simu haikulia, nikaiendeleza picha. Wale ndugu walilifikisha kabati barabarani, wakalitua, mkubwa akamfuta mdogo vumbi begani, kisha wakaachana. Ilikuwa nzuri sana. Nje lilipita lori, na chumbani hapakuwa na mtu wa kuniuliza wamefanya nini.