Ndoo za Maji Msibani Ntalikwa

Habari ya kifo chake niliipata kwa kejeli. Nilikuwa Chemchem, hapa Tabora mjini, kwenye chumba nilichopanga nikijidanganya kwamba safari hii nitatulia, simu ikaita. Alikuwa muuza dagaa wa sokoni, mama wa Kizaramo aliyeolewa Tabora na kuzeekea hapa. Hakunisalimu. "Yule mbishi wenu wa Ntalikwa amelala, kagoma kuamka," alisema. "Wanyamwezi bwana! Hata kufa mnafia kiangazi, ardhi kama tofali, nani atawachimbia?" Kisha nikasikia anavuta kamasi, nikajua ni kweli. Kwa msomaji wa mbali niseme kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, utani uliozaliwa njiani enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kutangaza kifo kwa maneno ambayo jirani akiyatamka ataondoka na ngeu. Aliyekufa alikuwa mama mmoja mkulima wa mboga na matunda, nyanya hasa, na mapapai machache ukingoni. Hakuwa ndugu yangu. Ninyi mnaonisoma mnajua jinsi nisivyokaa mahali. Leo Kigoma, mwezi ujao Dodoma, nafuata ile njia ya zamani ya misafara kama niliyeangusha kitu huko. Lakini kila niliporudi Tabora nilikwenda kumwona kabla sijafungua begi. "Shikamoo mama," ningesema, naye angejibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye miche: "Marahaba, mzururaji. Shika ndoo hiyo, usinisimamie kama mkaguzi."

Nilifika Ntalikwa mchana wa Oktoba, mwezi ambao huku kwetu hata mbuzi hutafuta kivuli cha mbuzi mwenzake. Turubai lilikuwa limefungwa, wanaume wapo kwenye mabenchi, na ndani akina mama wa kwaya ya Kimoravian wanaimba kwa sauti ya chini. Maziko yalikuwa yanamsubiri mwanawe wa kiume aliyekuwa anatoka Mpanda, na gari alilopanda lilikuwa limeharibika njiani, haijulikani litatengemaa lini. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Chini ya nyumba, kwenye mbuga, yaani lile bonde la udongo mweusi linalojaa maji masika na kupasuka nyufa kiangazi, kulikuwa na bustani yake. Nyanya zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Mkupuo wa kwanza wa mwaka huu ulikuwa umeliwa na kantangaze, yule mdudu anayechimba jani kwa ndani mpaka libaki kama karatasi iliyoungua, kwa hiyo hizi zilizobaki ndizo zilikuwa mwaka mzima. Binti yake na wajukuu walikuwa wanazitegemea hadi mvua zishuke. Na nyanya ya Oktoba haisubiri gari la Mpanda. Ukiinyima maji asubuhi na jioni, kesho yake imeinama, keshokutwa hata ukiimwagia kisima kizima haiinuki.

Sasa, kijijini pale maiti akiwa ndani mtu haendi shambani. Jembe halitoki, ng'ombe wanakamuliwa kwa haraka na kwa aibu, na anayeonekana akitoka shambani anatozwa kuku, tena anasemwa mpaka mwaka unaisha. Desturi hii naiheshimu. Nimekaa miji ambayo jirani anakufa na redio ya upande wa pili haipunguzwi sauti, nikatamani mtu wa kutoza kuku. Lakini nilipokaa kwenye benchi nilimwona yule binti amesimama mbele ya mdogo wa marehemu baba yake, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa msiba, mzee mpole mwenye kofia ya sufu hata katika joto lile.

"Baba mdogo, mimi siombi jembe," alisema binti. "Naomba maji tu. Ndoo na kopo."

"Mwanangu, shambani ni shambani. Watu watasema mama yenu hajafika kaburini, ninyi mmeshakimbilia nyanya."

"Waseme. Si ndio hao hao wanaokujaga kuomba nyanya mbili za mchuzi?"

"Punguza sauti. Wageni wamekaa."

"Zitakufa, baba."

"Basi ndiyo majira yake, mwanangu," alijibu mzee kwa huruma ya kweli. "Kila kitu na majira yake."

Neno hilo la majira lilinichoma, kwa sababu marehemu alilichukia kuliko kantangaze. Nakumbuka mwaka mmoja mwezi wa Julai, wakati kila mwenye kipande cha mbuga kuanzia Ntalikwa hadi njia ya Sikonge anavuna nyanya kwa pamoja. Soko la mjini lilikuwa limefurika. Matenga yamepangwa mpaka barabarani, na wachuuzi wanatembea katikati yake mikono nyuma kama mabwana harusi, kwa kuwa wanajua jioni mkulima ataachia kwa bei yoyote. Mmoja akamjia mama yule, akabinya nyanya, akataja bei. Mama akamwondoa mkono kwenye tenga. "Mama, ndiyo majira yake," mchuuzi alisema, "nyanya zimezidi, mimi nifanyeje?" Mama akafunga tenga lake kwenye baiskeli, akalirudisha Ntalikwa lilivyokuja, huku soko zima linamcheka. Alichofanya nyumbani kiliwachekesha zaidi. Sisi watu wa huku tunajua michembe, viazi vitamu tunavyokata vipande na kuanika ili tupate cha kula baadaye. Yeye akakata nyanya hivyo hivyo, akazipaka chumvi, akazitandaza juu ya bati la nyumba yake. Majirani walijaa uani. "Michembe ya nyanya!" walisema. "Kesho atatuanikia maji!" Bati la Julai, nadhani hakulipigia hesabu. Nyanya zilishikana nalo zikaungua, zikawa nyeusi, na kwa wiki kadhaa nyumba yake ilinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Mtu mwingine angekubali yaishe. Yeye alikwenda kwa yule mtani wake wa dagaa kumsimulia ili amcheke vizuri, na mtani akamcheka vizuri. "Mnyamwezi wewe, umewahi kuona dagaa wa Kigoma anakaangwa juu ya paa? Anawekwa kwenye chanja, apate upepo chini na juu!" Mwaka uliofuata mama akasimamisha chanja cha miti, akatandika chandarua cha zamani, na vipande vikakauka vyekundu, vigumu, vitamu. Ilipofika Februari, wakati nyanya mbichi mjini ni zile chache zinazoletwa na malori kutoka mbali zikiwa zimepondeka, yeye alikaa sokoni na vifuko vyake. Sitawadanganya kwamba mji ulimpigia makofi. Wapo waliosema zina harufu ya jua, wapo waliosema huo ni uganga. Lakini wapo pia waliorudi. Wenye duka la viungo karibu na soko, familia ya Kihindi, walikuwa wanamchukulia kila mara, na bibi wa nyumba ile alimwambia mchuzi wao umepata rangi tena.

Masika ndiyo yalikuwa vita yake nyingine. Wengine wote wakishahamia kwenye mpunga, yeye alipandisha miche ya nyanya kwenye kichuguu nyuma ya nyumba na kuijengea paa la nyasi ili mvua isiiguse. Mwaka wa kwanza upepo uliondoka na paa. Mwaka wa pili paa lilibaki lakini ukungu ukaingia kwa pembeni, majani yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto. Kila masika alishindwa kwa namna mpya. Niliwahi kumuuliza, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa nini asilime tumbaku kama wenzake, au apumzike miezi hiyo kama watu wengine. Aliniangalia kama niliyemtukana. "Watu wanakula mwezi wa pili au hawali?" akauliza. Nikasema wanakula. "Basi."

Nimelifikiria hilo "basi" lake kwenye mabasi na kwenye mabehewa ya treni. Njia hii ya magharibi ilipitisha maelfu ya watu kwa miguu, na watu wale walikula. Hawakula masimulizi. Walikula mahindi, mihogo, viazi, vitunguu na mboga vilivyolimwa na watu wa huku, ambao walilisha wapagazi na wafanyabiashara kiangazi na masika, na bado wakabakiza vya nyumbani. Leo watoto wao wanasimama barabarani kusubiri lori lilete nyanya, na tunaambiana kwamba hali ya hewa imebadilika. Imebadilika, nakubali. Mvua inachelewa, ikija inakuja kwa hasira, visima vya mbuga vinakauka mapema kuliko tulivyozoea utotoni, na kuna wadudu ambao bibi zetu hawakuwa na majina yao. Hayo yote ni kweli, na kwa sababu ni kweli ndiyo maana sitaki kusikia mtu anayataja kwa sauti ya kuaga. Nimegundua kwamba neno majira tunalitumia tukiwa tumechoka. Mchuuzi analitumia akitaka kununua kwa bei ya kutupa. Afisa analitumia kumaliza mkutano. Na sisi wenyewe tunalitumia kwa watoto wetu tusipotaka kuchota maji. Mama yule alikuwa akichoka pia, mgongo ulimuuma, alilalamika kila siku ya Mungu. Ila alilalamika akiwa anachota.

Narudi msibani. Binti alikuwa ameingia ndani kulia, mzee amekaa na kofia yake, na jua linashuka kuelekea ule muda wa kumwagilia. Ndipo yule mtani wa dagaa akafika. Alishuka kwenye pikipiki, hakusalimia mtu, akapita moja kwa moja hadi ukutani zilipokuwa buti za mpira za marehemu, akazivaa. Akajifunga kanga kiunoni vile alivyokuwa akijifunga yule mama, kwa fundo la ubavuni, akashika ndoo mbili, akaanza kutembea kwa ule mwendo wa marehemu wa kuvuta mguu mmoja. Akageuka akatutazama.

"Nyie Wanyamwezi si ndio mlibeba pembe za tembo mpaka kwetu pwani?" akapaza sauti. "Leo ndoo ya maji inawashinda?"

"Na nyie Wazaramo si mlikuwa mmekaa kivulini mnatungoja!" mzee mmoja akajibu kutoka nyuma, na kicheko cha kwanza cha siku ile kikatoka.

"Tuliwangoja, mkaja, na mpaka leo hamjatushukuru!" Akashuka bondeni. Tulimwona kwa mbali amesimama katikati ya matuta, kiganja kiunoni, anazigombeza nyanya kwa sauti ya marehemu kabisa. "Simama wewe! Umelala kama diwani kikaoni! Na wewe pale, unanitazama nini, nimekufa mimi au umekufa wewe?" Akina mama wa kwaya walikuwa wametoka mlangoni. Wengine walikuwa wanacheka, wengine wanalia, na baadhi yao walikuwa wanafanya yote mawili na kanga mdomoni.

Mtu akamwuliza mkuu wa msiba kama huyo naye atatozwa kuku. Mzee akarekebisha kofia yake. "Mtani hatozwi," akasema. "Toka lini mtani akatozwa?" Akaitazama bustani, akamtazama binti wa kaka yake aliyekuwa amesimama kizingitini na macho mekundu. "Lakini yule ni Mzaramo," akaendelea, "hajui kumwagilia. Ataharibu mali ya watu. Nendeni mkamsimamie." Binti alikuwa ameshashika ndoo kabla sentensi haijaisha. Walikwenda akina mama wa kwaya, wakaenda vijana waliokuwa wanapasua kuni, na mzee mwenyewe akasimama ukingoni akitoa amri, ili mtani asimamiwe ipasavyo. Mtani alisimamiwa jioni ile, akasimamiwa tena asubuhi, na hakuna aliyeugusa mpini wa jembe hadi kijana wa Mpanda alipofika, tukamzika mama yake kwa heshima zote.

Nyanya hazikupona zote. Mistari ya mbali na kisima ilishaungua, na mdudu hakujua kama kuna msiba. Zilizopona zimevunwa. Binti amezipeleka sokoni mwenyewe, na zile zilizokosa bei nzuri amezikata akazianika. Mwezi huu wa Novemba amepandisha miche kwenye kichuguu, na paa lake la nyasi nimeliona: limeinama upande mmoja, na kwa macho yangu sidhani litamaliza masika. Nilimwambia hivyo. Akasema likianguka atajenga jingine, akaniuliza kama nimekuja kutabiri au kukata nyasi.

Nilikata nyasi. Na ninaloandika leo ni kwa ajili ya wote wanaoendelea kuambiwa kwamba wakati wao umepita, wa nyanya, wa udongo huu, wa mji huu uliokuwa mkubwa zamani. Mtu akikwambia hivyo, usibishane naye kwa maneno, atakushinda. Mtazame mikono. Kama haina maji, ana hamu tu ya kukaa. Mwache akae, wewe shuka bondeni kabla jua halijazama.