Mshirazi wa Makunduchi na Mawe ya Uajemi

Mama alipohamia kwangu Kilburn, huku ughaibuni, hakutaka kutoka nje. Magoti yalimuuma, baridi ilimchosha, na kila nikimwambia twende mahali alinijibu, "Nende kufuata nini?" Jumamosi moja nikamwambia kuna makumbusho yenye mawe ya kasri la wafalme wa Uajemi, lile lililobaki magofu karibu na Shirazi. Hapo aliinuka. Mama ni mtu wa Makunduchi, na atakwambia yeye ni Mshirazi, wazee wake walitoka huko huko, kabla hujamuuliza jina.

Tulisimama mbele ya jiwe lililochongwa wanaume wenye ndevu za mawimbi, wamepanga mstari, mikononi wamebeba vyombo.

"Wanakwenda harusini hawa?" mama aliuliza kwa sauti kubwa.

Bibi mmoja wa rika lake, aliyekaa kwenye benchi, akaniuliza kwa Kiingereza mama amesema nini. Nilipomfasiria alicheka. Kwao ni Shirazi, alisema, na ujanani aliwatembeza wageni kwenye magofu hayo. Akainuka, akatujengea kasri kwa mikono: ukumbi wa nguzo ndefu kuliko minazi, juu ya kila nguzo vichwa viwili vya mafahali vikibeba boriti za mwerezi, na ngazi zenye vidaraja vifupi mno, wengine husema ili wageni wenye majoho wapande bila kujikwaa.

"Mwambie mafundi hao waje wajenge ngazi za stesheni za hapa," mama akasema.

Kuhusu wale wanaume, bibi alisema watu wengi huamini wanampelekea mfalme zawadi za Nowruz, mwaka mpya wa kwao. Nilitaka kufasiri, mama akanizuia.

"Nairuzi! Hata sisi tunayo!"

Akaanza kumweleza Mwaka Kogwa wetu, kibanda kinavyochomwa moto na wanaume wanavyopigana kwa mabua ya migomba. Alimwonesha mapigo kwa mkongojo wake, mpaka mlinzi akaja kutuomba, kwa adabu, tusogee mbali na mawe.

Siku hizi bibi yule huja kwetu kila Alhamisi. Hawana lugha moja, ila nikiwa jikoni nawasikia wanacheka. Machi iliyopita alimwalika mama kwake kwa Nowruz. Mama akapika mkate wa kumimina, akaufunga kwenye kitambaa, akapanda basi peke yake. Nilimpigia simu nikiwa na wasiwasi.

"Usinifuate," akanambia. "Nimeshafika, na chai ishamiminwa."