Nimejiuzulu ukalimani wa ukoo

Natangaza rasmi: kuanzia leo, mimi si mkalimani wa ukoo tena.

Binti yangu Chebet huunda protini kwa kompyuta, za kunata kwenye seli za saratani ya koo. Leo tulimtembelea kaka yangu Kimulot. Yeye anaugua hiyo hiyo.

Nikamweleza kazi ya Chebet nilivyoweza (msinicheke): "Ni kama kupe, kaka. Inashika ugonjwa tu, haiachi."

"Kumbe ulisomesha mtoto afuge kupe!"

Tukacheka. Halafu akamuuliza Chebet, "Dawa yangu itafika lini?"

Chebet akajibu kwa Kiingereza, macho chini: bado wanaijaribu kwa panya, itachukua miaka mingi.

Kaka akanigeukia. "Amesemaje?"

Jamani, nilimwambia, "Ni karibu tu."

Akaitisha uji. Akajilazimisha kumeza kikombe kizima, ili dawa imkute na nguvu.